Kusimba Diski Nzima Bila Kuichosha Laptopu

Laptopu nyingi zinazofanya kazi katika ofisi za Uganda, iwe SACCO ya Mbarara, zahanati ya Lira au ofisi ya wakili Kampala, zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Ndani yake mna orodha za wanachama, majibu ya maabara, nakala za vitambulisho vya taifa. Ikiporwa ukiwa juu ya boda boda, nywila ya kuingilia Windows haimzuii mwizi. Anafungua skrubu chache, anatoa diski, anaichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma kila kitu. Kusimba diski nzima, yaani kugeuza kila kilichomo kisisomeke bila ufunguo, ndiko kunakolizuia hilo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na zikimfikia asiyehusika aiarifu mamlaka mara moja.

Kinachowakwaza wengi ni kasi. Mtu akisikia kwamba usimbaji unaifanya mashine iwe nzito, anauzima kabisa, au anaulegeza mahali pasipostahili: anaweka nywila fupi, anaruhusu diski ijifungue yenyewe, anaiacha laptopu imelala siku nzima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya faili isomwe haraka zaidi. Kasi hupotea kwenye prosesa na kwenye njia ambayo data hupita kuelekea diskini. Usalama hupotea kwenye nywila na kwenye ufunguo unaobaki ndani ya RAM. Ni sehemu mbili tofauti za mfumo, kwa hiyo mara nyingi huhitaji kutoa kimoja ili upate kingine.

Hatua zilizo hapa ni za Linux, hasa Ubuntu na Debian, kwa LUKS2, mfumo wa kawaida wa Linux wa kusimba diski. Windows ina sehemu yake mbele.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa chochote

Anza na prosesa. Prosesa nyingi za sasa zina maagizo maalumu ya kusimba kwa AES, njia ya kusimba inayotumika sana, yaliyojengwa ndani ya chipu. Bila hayo, kazi ileile hufanywa kwa programu tupu na huchukua muda mrefu mara kadhaa.

`grep -m1 -ow aes /proc/cpuinfo`

Likitokea neno aes, yapo. Lisipotokea, hayapo au yamezimwa. Baadhi ya BIOS zina kipengele cha kuyazima, kwa hiyo ingia uangalie kabla ya kukata tamaa. Kwenye soko la mitumba kumbuka hivi: Core 2 Duo hazina. Core i5 na i7 za laptopu kuanzia kizazi cha 2, yaani za 2011 na kuendelea, kwa kawaida zinayo. Mtego uko kwenye Core i3 za kizazi cha 2 na cha 3, ambazo nyingi hazina, ingawa kwa nje mashine inafanana kabisa na ya i5. Ikiwa bei zinakaribiana, chukua i5. Ukienda dukani na flashi yenye Ubuntu, amri hiyo moja inakupa jibu kabla hujalipa.

Kisha pima kasi ya usimbaji wenyewe:

`cryptsetup benchmark`

Tazama mstari wa aes-xts wenye 512b. Mashine yenye maagizo ya AES hutoa mamia mengi ya MiB kwa sekunde, na mara nyingi zaidi ya 1,000. Isiyokuwa nayo huwa kati ya 100 na 250 hivi. Jaribio hili hufanyika ndani ya RAM tu, haligusi diski, kwa hiyo halina hatari yoyote.

Mwisho pima diski:

`sudo hdparm -t /dev/sda`

Diski ya kuzunguka ya laptopu hutoa takriban MB 80 hadi 120 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika karibu 500. NVMe, aina ya SSD ya haraka zaidi, nyingi hufika elfu mbili na kupanda.

Sasa linganisha namba mbili. Kama kasi ya usimbaji ni mara mbili ya kasi ya diski au zaidi, usimbaji hauhusiki na uzito wa mashine yako, na kuupunguza hakutakusaidia kitu. Tafuta chanzo kwingine: RAM ya GB 4 iliyojaa, au diski yenyewe. Kubadilisha diski ya kuzunguka uweke SSD ya GB 240 kunaleta tofauti kubwa kuliko mpangilio wowote utakaousoma hapa, na hilo ndilo la kwanza kutumia pesa. Kama namba zinakaribiana, au usimbaji uko chini ya diski, hapo ndipo hatua zinazofuata zina faida.

Hatua ya 2: Chagua namna ya kusimba

Kwa mashine yenye maagizo ya AES, jibu ni moja: aes-xts-plain64. Hali ya XTS hutumia funguo mbili kwa pamoja, ndiyo maana ufunguo wa biti 512 maana yake ni AES-256, na wa biti 256 ni AES-128. AES-128 hupita raundi 10, AES-256 raundi 14, hivyo ya kwanza ni nyepesi kwa prosesa. Lakini nyepesi kwa prosesa si sawa na haraka kwa mtumiaji. Ukiwa na SSD ya SATA na i5 huoni tofauti yoyote. Utaiona kwenye NVMe ya haraka, na hata hapo AES-128 si dhaifu: hakuna anayeivunja kwa kujaribu funguo. Kati ya mambo yote unayoweza kulegeza ili kupata kasi, hili ndilo lisilo na madhara.

Epuka kurundika njia mbili au tatu za kusimba moja juu ya nyingine, kama programu ya VeraCrypt inavyokuruhusu kufanya kwa AES, Twofish na Serpent. Unalipa gharama ya zote tatu kila faili inapofunguliwa, huku mwizi bado atajaribu nywila yako, si AES.

Kwa mashine isiyo na maagizo ya AES, tumia Adiantum. Ilibuniwa na wahandisi wa Google kwa ajili ya simu za bei nafuu zenye prosesa za aina hiyo, na imo ndani ya keneli (moyo wa mfumo) ya Linux tangu toleo la 5.0 la 2019. Ijaribu kwanza:

`cryptsetup benchmark -c xchacha12,aes-adiantum-plain64 -s 256`

Ikiipita aes-xts kwenye mashine yako, itumie bila wasiwasi. Hii si njia ya kimaskini. Katika XTS, ukibadilisha biti moja kunavurugika kipande cha baiti 16 tu. Katika Adiantum inavurugika sekta nzima, yaani kipande kizima cha diski kinachosimbwa kwa mara moja, jambo linalomnyima mshambuliaji nafasi ya kuchezea kidogokidogo. Inataka sekta za baiti 4096, maana kwa sekta ndogo inapoteza kasi yake.

Hatua ya 3: Ukubwa wa sekta, na umeme unaokatika

LUKS2 inaweza kusimba kwa vipande vya baiti 512 au 4096. Vipande vikubwa hupunguza idadi ya shughuli mara nane, na kasi hupanda hata kwenye mashine za zamani. Ila kuna jambo linalotuhusu sana sisi ambao umeme hukatika bila taarifa. Kama diski kwa ndani inaandika kwa sekta za 512 na wewe umeiambia LUKS itumie 4096, umeme ukikatika katikati ya kuandika, sehemu ya kipande hubaki mpya na sehemu ya zamani. Kwa Adiantum kipande kizima hugeuka takataka. Kwa XTS kila baiti 16 husomeka peke yake, lakini unapata mchanganyiko wa mapya na ya kale, jambo ambalo faili ya hifadhidata haipendi.

Angalia diski yako:

`lsblk -o NAME,LOG-SEC,PHY-SEC,ROTA`

PHY-SEC ikiwa 4096, weka 4096 bila kusita. Ikiwa 512, uamuzi unategemea mashine: laptopu yenye betri nzima inaweza kwenda 4096, kwa sababu umeme ukikatika yenyewe haizimi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa chaja, ibaki 512. Hapo usalama wa data unashinda kasi kidogo unayoikosa.

Hatua ya 4: Tengeneza sehemu iliyosimbwa

Amri ifuatayo inafuta kila kitu kilichomo kwenye sehemu unayoitaja. Hakiki jina kwa lsblk mara mbili, na uwe umeshanakili faili zako kwenye diski nyingine.

`sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 --cipher aes-xts-plain64 --key-size 512 --sector-size 4096 --pbkdf argon2id --iter-time 4000 /dev/sda3`

Kwa Adiantum badilisha cipher iwe xchacha12,aes-adiantum-plain64 na key-size iwe 256.

Fanya kazi hii laptopu ikiwa imechomekwa kwenye chaja na haiko kwenye hali ya kubana betri. Sababu inakuja katika hatua inayofuata, na ni ya kiusalama.

Ukitumia programu ya usanikishaji ya Ubuntu na kuchagua kusimba, itakufanyia haya yote kwa mipangilio ya kawaida, ambayo ni mizuri kwa wengi. Itaacha /boot, sehemu yenye faili za kuwashia mfumo, nje ya usimbaji. Usishtuke: kwa muda mrefu GRUB, programu inayowasha mfumo, haikuweza kufungua nafasi za ufunguo zinazotumia Argon2, njia ya kugeuza nywila kuwa ufunguo, na kuilazimisha kulimaanisha kurudi kwenye njia ya zamani ya PBKDF2, ambayo ni rahisi zaidi kushambuliwa kwa kadi za picha (GPU). Bora /boot iwe wazi na nywila iwe ngumu kukisiwa.

Hatua ya 5: Nywila, mahali ambapo usalama wote umekaa

Nywila unayoandika haisimbi diski. Inafungua nafasi ya ufunguo iliyo kwenye kichwa cha LUKS, yaani mwanzo wa sehemu iliyosimbwa, na humo ndimo ulimo ufunguo halisi. Kazi ya Argon2id ni kufanya kila jaribio la nywila liwe ghali: linakula RAM hadi GiB 1 na muda uliouweka kwa iter-time. Thamani ya kawaida ni milisekunde 2000. 4000 hapo juu inamaanisha utasubiri kama sekunde nne unapowasha mashine, na anayejaribu nywila milioni atalipa gharama hiyo kwa kila moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaishusha iter-time hadi 200 wakidhani wanaongeza kasi ya diski. Argon2 hufanya kazi mara moja tu, wakati wa kufungua. Baada ya hapo haipo kabisa, na diski inasoma kwa kasi ileile hata kama ulisubiri sekunde kumi.

Idadi ya mizunguko hupimwa kwenye mashine yenyewe wakati unatengeneza nafasi. Mashine ikiwa imebana betri, sekunde nne zake ni kazi ndogo, na kinga inakuwa nyembamba kuliko ulivyokusudia. Kinyume chake pia kinauma: nafasi iliyotengenezwa kwenye mashine ya GB 16 ikadai GiB 1, inaweza kukataa kufunguka diski inapohamishiwa kwenye mashine ya GB 1. Kama diski ni ya kuhamahama, weka kikomo mapema kwa --pbkdf-memory 524288, ambayo ni MiB 512.

Ukitaka kubadilisha mambo haya kwenye diski iliyokwisha kusimbwa, huhitaji kuisimba upya:

`sudo cryptsetup luksConvertKey --pbkdf argon2id --iter-time 4000 /dev/sda3`

Nywila yenyewe iundwe kwa dadu, kwa sababu kichwa cha mtu kina mazoea. Andika orodha ya maneno 1,296 ya Kiswahili, au uchanganye na Kiganda, uyape namba za dadu nne kuanzia 1111 hadi 6666, kisha rusha dadu. Kila neno lina uzito wa biti 10.3, maneno saba yanakupa biti 72, na ukiongeza Argon2 juu yake, hakuna mwizi wa laptopu atakayefika popote. Acha maneno yenye alama kama ng'ombe, na usitumie herufi kubwa: kibodi inayosoma nywila wakati wa kuwasha huenda ikawa na mpangilio wa Kimarekani hata kama wako ni wa Kiingereza, alama zikahama mahali pake, ukabaki nje ya diski yako ukiwa na nywila sahihi mkononi.

Hatua ya 6: Foleni na TRIM, kwa SSD tu

Kwa desturi, sehemu ya Linux inayosimba diski huipeleka kila kazi kwenye foleni ya pembeni ili prosesa nyingi zigawane. Kwa diski ya kuzunguka hilo ni jema. Kwa SSD ya haraka, kupanga foleni huchukua muda mrefu kuliko kusimba kwenyewe. Kampuni ya Cloudflare ilieleza tatizo hili mwaka 2020, na suluhisho likaingia katika keneli 5.9. Kwa LUKS2 unaliwasha hivi, ukitaja jina la ramani kama linavyoonekana kwenye lsblk:

`sudo cryptsetup --allow-discards --perf-no_read_workqueue --perf-no_write_workqueue --persistent refresh sda3_crypt`

Neno persistent huandika mipangilio kwenye kichwa, hivyo inabaki hata baada ya kuzima. Hakiki kwa `sudo cryptsetup status sda3_crypt`. Mstari wa flags uonyeshe yote matatu. Kama prosesa haina AES, usizime foleni hata kwa SSD: kazi itabanwa kwenye kiini kimoja wakati vingine vimekaa bure. Pima kabla na baada kwa kazi yako halisi, si kwa kunakili faili moja kubwa peke yake, maana faida ya kuzima foleni huonekana zaidi kwenye usomaji wa vipande vidogo vilivyotawanyika.

Kipengele cha allow-discards hupitisha TRIM. Bila hiyo SSD haijui sehemu zipi ni tupu, inazidi kuwa nzito kadiri inavyojaa, na inachakaa mapema. Gharama yake ni kwamba anayeishika diski anaweza kuona sehemu zipi zina data na zipi hazina, ingawa hawezi kuisoma data. Kwa ofisi ya kawaida, iruhusu. Kwa mwandishi wa habari au mtetezi wa haki ambaye hata kiasi cha data alichonacho ni siri, iache imezimwa na ununue SSD kubwa kuliko mahitaji.

Kulala si kuzimwa

Laptopu ikilala, ufunguo wa diski unabaki ndani ya RAM. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba yaliyomo ndani ya RAM hayapotei papo hapo umeme unapoondoka, na yakipozwa hudumu muda mrefu zaidi. Hata bila ufundi huo, mashine iliyolala ina skrini ya kuomba nywila tu kati ya mwizi na faili.

Kwa hiyo kanuni ya safari: kabla ya kuingia teksi au kupanda boda, zima kabisa. Kwa SSD, kuwasha upya huchukua chini ya dakika moja hata ukijumlisha nywila. Ukitaka kifuniko kikifungwa mashine izime yenyewe, weka HandleLidSwitch=poweroff katika /etc/systemd/logind.conf, lakini waambie watumiaji, maana kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea. Njia ya kuhifadhi RAM diskini kisha kuzima ni nzuri pia mradi swap, sehemu ya diski inayopokea yaliyomo ndani ya RAM, iwe ndani ya sehemu iliyosimbwa. Ujue tu kwamba Secure Boot, kinga inayokagua programu za kuwashia mashine, ikiwa imewashwa, Linux kwa kawaida huikataa.

Ukiwa na Windows

Fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `manage-bde -status`. Mstari wa namna ya kusimba ukionyesha XTS-AES 128, uko sawa. Ndiyo chaguo la kawaida tangu Windows 10. Ukionyesha usimbaji wa vifaa, yaani SSD inajisimba yenyewe, zima BitLocker, yaani usimbaji wa Windows, kisha uiwashe upya ili isimbe kwa programu. Inashawishi kwa sababu haigharimu prosesa chochote, lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walikuta SSD kadhaa za Crucial na Samsung zinazoweza kufunguliwa bila nywila. Mwaka uliofuata Microsoft iliacha kuziamini kwa chaguo-msingi.

Kwa mashine ya mitumba simba diski nzima, usichague sehemu iliyotumika pekee. Ni kweli inachukua saa kadhaa, lakini kwenye nafasi tupu kunaweza kuwa na mabaki ya faili za kabla. Umeme ukikatika katikati, BitLocker huendelea ilipoishia.

BitLocker inayotegemea TPM, chipu inayotunza ufunguo ndani ya mashine, peke yake hujifungua kila mashine inapowashwa, na mwizi aliyeichukua nzima anaweza kusikiliza waya kati ya chipu na prosesa. Mwaka 2024 ilionyeshwa kwenye laptopu ya zamani ya Lenovo kwamba kifaa kisichofika dola 10 hupata ufunguo chini ya dakika moja. Toleo la Pro linakuruhusu kuongeza PIN, baada ya kuruhusu uthibitisho wa ziada katika sera za kikundi:

`manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN`

PIN haipunguzi kasi ya kitu chochote. Ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48 uchapishe na uufungie kwenye kabati la ofisi, si kwenye mkoba wa laptopu.

Kichwa cha LUKS na siku ya kuuza

Kwenye LUKS, megabaiti 16 za mwanzo wa sehemu ndizo zinazobeba funguo zote. Zikiharibika, hata nywila sahihi haifungui chochote, na hakuna fundi wa kuokoa data atakayekusaidia. Hifadhi nakala:

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa.img`

Iweke nje ya laptopu, mahali palipofungwa. Nakala hii inakumbuka nywila za siku ilipotengenezwa: ukibadilisha nywila kwa sababu imevuja, nakala ya zamani bado inafunguka kwa ile iliyovuja. Tengeneza mpya na ufute ya zamani siku hiyohiyo.

Laptopu ikiuzwa au kugawiwa, usihangaike kuandika sifuri usiku kucha juu ya diski ya GB 500. Iwashe kwa flashi yenye Ubuntu, kisha:

`sudo cryptsetup erase /dev/sda3`

Nafasi zote za ufunguo hufutwa ndani ya sekunde chache. Hakikisha kwa `sudo cryptsetup luksDump /dev/sda3` kwamba chini ya Keyslots hakuna kilichobaki, choma na nakala ya kichwa kama ipo, halafu ndipo umkabidhi mnunuzi mashine.